Kobe na Bwana Harusi Kwenye Ndoo Moja

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi za kujaza kapu. Mimi mzima, kikohozi kimenichoka kimeondoka. Mama hajambo? Goti je? Na Kidole, bado ananyonya hicho kidole chake mpaka kinakuwa cheupe kama mshumaa? Mwambie mjomba anasema meno yakiota atajiuma mwenyewe. Shemeji ameandika kutoka melini?

Nakupigia siku ya tano leo, simu haipatikani. Basi nimempa dereva wa vifurushi sanduku hili na barua ndani yake. Kuna rili mbili za kuvulia baharini, zile za kukunjia mshipi. Moja unaijua, ni ile ya chuma ambayo marehemu baba aliifungua na kuifunga maisha yake yote. Nyingine ni mpya, ndiyo kwanza imeingia dukani kwetu. Iinue tu uone ilivyo nyepesi.

Jambo lenyewe ni hili. Manahodha wa boti za kukodisha hapo bandarini wanataka kubadilisha rili zao zote za chuma kama hiyo ya baba, ishirini na nne. Niliwapelekea habari za hii mpya. Nahodha Kipara akanijibu: "Hatununui mpaka ile meza ya ufundi ya baba yenu iseme." Meza ya baba sasa ni wewe. Naomba karatasi moja tu, ulinganishe hizi mbili: ipi imara, ipi inafanya kazi vizuri. Najua utaona ninachokiona mimi. Iwe imenifikia kabla ya mwezi kwisha. Maneno kumi yanatosha, usijichoshe.

Kaka yako


17 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi tupo. Goti la mama linatangaza mvua kabla ya redio. Kidole ameota mawili ya chini, akayajaribu kwanza kwenye mpini wa bisibisi, halafu kwenye bega langu. Usingizi niliuona juzi kwa mbali, ukanipungia mkono. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya chumvi nilipoinama na mtoto mgongoni. Uimara wake tumeujua: dakika nne. Basi tuandikiane. Labda ni heri, maana kwenye simu huwa unanikata kabla sijamaliza kukuamkia.

Rili nimezifungua zote mbili siku ileile. Ya chuma nimeiita Kobe. Ile yako wavuvi wameipa jina wenyewe walipoiona inameremeta mezani: Bwana Harusi. Nimezipaka grisi kama baba alivyotufundisha, panapozunguka pote, nikapiga mkwaruzo mmoja kwa msumari ndani ya kila kifuniko. Unakumbuka mkwaruzo? Kila rili ikifunguliwa, mstari mmoja. Baba alikuwa hasomi maandishi ya boksi, alikuwa anahesabu mistari.

Sikunyimi haki yako. Bwana Harusi ni mzuri. Ukizungusha mkono wake hata mtoto aliyelala mgongoni hashtuki. Breki yake, inayomwachia samaki mshipi kidogo kidogo, nimeivuta kwa mizani ya kuning'inia ikafika kilo kumi na mbili bila kurukaruka. Kobe alifika nane akaanza kupiga kwikwi. Kwa uzito, Kobe ukimshika asubuhi nzima mkono unadai likizo.

Lakini uimara hauonekani siku ya harusi, kaka. Nimetumbukiza zote kwenye ndoo ya maji ya bahari, siku tatu, ndivyo baba alivyoanza siku zote. Kisha nitampa yule mvuvi tunayemwita Kisirani azitumie ukutani bandarini, leo hii, kesho ile. Miezi sita. Kabla ya hapo siandiki hata neno moja, sembuse kumi.

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kwa meno ya Kidole. Mama mpe pole ya goti. Shemeji hukunijibu.

Miezi sita? Duka si shamba la minazi. Meneja amenipa mpaka mwezi wa tano: nilete oda ya manahodha, au nirudi stoo kubeba maboksi. Miaka tisa nimetoka stoo, nimepata kiti na kalamu, sasa nirudishwe kwa sababu ya ndoo?

Nimekurahisishia. Humu kuna karatasi iliyokwisha chapwa. Weka sahihi chini tu, umpe dereva arudi nayo. Baba angenisaidia.

Kaka yako


29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu Kidole alikuwa na homa, na kwa sababu barua yako niliiweka juu ya kabati ipoe kwanza. Homa imepoa. Barua bado.

Karatasi yako nimeisoma. Imeandikwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi niliyeishia darasa la nane. "Baada ya majaribio marefu." Marefu yapi? Hata kiatu kipya hakijaujua mguu kwa wiki mbili. Na pale juu umeandika kwamba meza ya Fundi Mzee inathibitisha. Baba hakuwahi kuigusa rili hii. Tulimzika kabla haijatengenezwa. Umemtoa marehemu kaburini aje atoe ushahidi wa kitu asichokiona. Siweki sahihi. Ukileta nyingine, siweki. Ukija mwenyewe na soda mkononi, nitakunywa soda, na siweki.

Usidhani ni kiburi. Mtu akiwa maili kumi baharini na wageni wake, rili ikagoma, hamtukani meneja wako. Anarudi anasimama kwenye mlango wangu. Neno langu ndilo linalotulisha watu watatu humu ndani. Likiharibika halina spea.

Habari za majaribio: wiki sita sasa. Kobe anapiga kelele kama mlango wa choo, skrubu mbili zimeota kutu, nimeshampiga mkwaruzo wa tatu. Bwana Harusi bado yuko kwenye fungate, sijamfungua tena. Bandarini wananicheka. Jana mmoja kapaza sauti: "Mama Kidole, unapika nini kwenye hiyo ndoo?" Nikamwambia, "Maneno yenu. Hayaivi."

Habari za shemeji yako, nikiwa nazo nitakupa.

Mdogo wako


11 Mei

Kaka,

Shikamoo, na samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono mmoja, wa pili una mtoto. Mama anakusalimu.

Nilikwambia! Juzi Kisirani kanasa samaki mkubwa kwa Bwana Harusi wako. Samaki kavuta, na mkono wa rili, ambao kazi yake ni kwenda mbele tu, ukageuka ukarudi nyuma kwa kasi na kumgonga vidole mara tatu. Samaki kaenda na mshipi. Kisirani katukana mpaka ndege wakahama ukuta. Watu wamecheka siku mbili.

Nahodha Kipara alikuwepo. Akanigeukia: "Fundi, unasemaje?" Nikamwambia mbele ya wote: "Hii msinunue."

Basi umepata maneno yako. Hata kumi hayakufika.

Mdogo wako


20 Mei

Manahodha wamesema hawanunui tena. Nimerudi stoo tangu Jumatatu, mgongo unaniambia umri wangu. Umefurahi?

Msalimie mama.


8 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ya kwanza huenda hutaiitikia.

Mama hajui kwamba umerudishwa stoo. Sikumwambia. Kidole amesimama dede, ameshika mguu wa meza, akatutazama sote kama meneja.

Hili lililobaki ni gumu, na nitaliandika mara moja bila kuzungukazunguka. Nilikosea mimi.

Nilisema kabla ya kufungua. Baba hakuwahi kusema kabla ya kufungua, hata kwa baiskeli ya mtoto. Nilipata hasira zako, nikapata na sifa za bandari, nikasahau msumari. Barua yako ya mistari miwili ndiyo iliyonikalisha chini. Nikamfungua Bwana Harusi. Ndani kuna beringi moja ambayo Kobe hana. Kobe anazuiwa kurudi nyuma na jino la chuma, lile linalolia tak-tak-tak. Bwana Harusi anazuiwa na beringi yenye vijiti vidogo vinavyojibana. Vile vijiti vinataka tone la mafuta mepesi tu. Vikipakwa grisi vinateleza, havibani. Na humo ndani nilikuta grisi nyeupe, nzito, yangu mwenyewe, niliyoipaka mwezi wa pili kwa mkono huu. Panapozunguka pote, paka. Baba alisema hivyo kwa Kobe. Mimi nikafanya kama aya ya sala.

Sikungoja kesho. Nikamfunga Kidole mgongoni, nikashuka mpaka ukutani saa sita mchana, wakati boti zote zimerudi. Nikawaambia: rili haikuwa na kosa, kosa langu, hii hapa grisi, tazameni. Kipara akacheka mpaka kipara kikatoa jasho. "Sasa wewe fundi, mwezi jana mbovu, leo nzima. Kesho utasema nini?"

Nikamjibu, "Kesho nitasema nitakachokiona kesho. Ukitaka asiyebadilisha neno, kaongee na nanga."

"Na tukuamini vipi?"

"Nani mwingine hapa bandarini amewahi kuja kukwambia kosa lake kabla hujaligundua?"

Akaipokea rili, akaigeuzageuza. Wengine walinijibu, na sitakuandikia waliyoyasema, mtoto alikuwa mgongoni na bado nawaza kama ameyaelewa. Wiki hii wateja wawili wamechukua rili zao wakapeleka kwa fundi wa ng'ambo ya daraja. Sawa. Waende.

Nimesafisha grisi, nimetia tone la mafuta, nimeanza upya. Miezi sita kuanzia leo. Sikuandikii ili unisamehe haraka haraka. Nakuomba radhi kwa maneno niliyoyasema mbele ya watu. Kwa sahihi niliyokataa siombi radhi, maana hata leo nisingeiweka.

Na jambo la pili. Dereva wa vifurushi ameniletea kopo limefungwa kwa karatasi ya tangazo la duka lenu. Juu yake pana picha ya Bwana Harusi, na chini pameandikwa: meza ya Fundi Mzee inathibitisha. Nieleze.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Zote mbili.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya boksi, sina tena kiti. Niliisoma wima mwanzoni, ilipofika kwenye grisi nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kukukasirikia mwaka mzima, umeniharibia mpango.

Tangazo ni mimi. Nilipeleka lichapwe siku ileile niliyokutumia sanduku. Sikusubiri jibu lako kwa sababu sikufikiria kwamba utakuwa na jibu. Haya ndiyo maelezo yote, hakuna mengine yaliyojificha nyuma yake. Ya hapa dukani nimeyabandua jana kwa kisu cha maboksi. Ya miji mingine siyafikii.

Sasa sikiliza. Huku stoo, nyuma ya mashine za kupimia, kuna kona imeandikwa "Usiguse". Nilipokuwa juu na kalamu yangu sikuijua. Ni rili zilizorudishwa na wateja. Nimezigusa. Bwana Harusi thelathini na moja. Wewe umezoea kusema mimi grisi ilikuwa inanitia chafya, kweli, lakini kufungua skrubu baba alinifundisha kabla yako. Nimezifungua wakati wa chakula, moja moja. Gia nzima. Breki nzima. Ishirini na sita zina ugonjwa mmoja: kile kiroli, kigurudumu kidogo cha pembeni, pale mshipi unapopinda kwenda kujikunja kwenye bobini. Chumvi imekaa ndani, kiroli hakizunguki, mshipi unakisugua mpaka unachanika nyuzi nyuzi. Mvuvi anadhani mshipi ndio mbovu.

Nimekuwekea viroli vitano kwenye bahasha. Ukiandika umevipata kwangu, sitakaa hata hapa stoo.

Sijakuuliza habari za shemeji. Unaona nimejifunza.

Kaka yako


8 Desemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama goti limempa wiki mbili za amani. Kidole anatembea sasa, na kila kitu cha mezani nimekipandisha rafu ya juu, na yeye anaitazama rafu ya juu. Shemeji yako ameshuka melini mwezi wa tisa, kwenye bandari nyingine, na kuna mtu mwingine anayempakulia chakula huko. Nimekwambia, na tusilirudie. Rafu nimeipigilia mwenyewe.

Miezi sita imetimia. Hii ndiyo karatasi. Moja nimeigongomea mlangoni kwangu, moja nimempa Kipara, moja yako. Wewe sikukutaja. Nilikaa nikaiangalia ndoo mpaka kiroli cha Bwana Harusi wangu mwenyewe kikaganda, mwezi wa nne wa majaribio. Basi nina wangu, sihitaji wako.

"Mimi fundi wa rili, binti wa Fundi Mzee, nimezitumia hizi mbili miezi sita kwenye maji ya chumvi, na mara ya kwanza nilikosea kama mlivyoona.

Kobe ni mzito, breki yake inapiga kwikwi baada ya kilo nane, na anapiga kelele. Maji yanamwingia kila siku. Lakini anakunywa na kukojoa: yanaingia, yanatoka. Nimemfungua mara saba, kila mara nikarekebisha kwa vitu nilivyonavyo kwenye kopo. Anasumbua kidogo kila wiki, hajanisumbua sana hata siku moja.

Bwana Harusi ni mwepesi, ana nguvu, kwa samaki mkubwa anamzidi Kobe mbali, na aliyemwita mbovu mwezi wa tano ni mimi na nimemeza neno langu. Maji hayamwingii kirahisi. Lakini siku akinywa hakojoi. Msimpige maji ya mpira kwa nguvu mkidhani mnamwosha, mnamsindilia chumvi ndani. Mwosheni kwa maji ya kumwagika taratibu. Na kiroli cha pembeni ni kibovu. Sisemi kitaharibika, nasema ni kibovu tangu kiwandani. Kitolewe, kisafishwe, kitiwe mafuta kila mwezi, na baada ya miezi minne kibadilishwe. Asiyeweza kufanya hivyo asimnunue, abaki na Kobe wake.

Mwenye swali mimi nipo. Anayetaka kupinga aje na rili yake tuifungue."

Kipara ameisoma mara mbili, midomo ikitembea. Akasema, "Haijaniambia ninunue ipi." Nikamwambia, "Imekwambia wewe ni mnunuzi wa aina gani." Rili kumi na mbili, za boti za mbali, watabadilisha wachukue Bwana Harusi, kumi na mbili zinabaki Kobe. Viroli vitakuja kwangu.

Mdogo wako


19 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. La shemeji nimelisoma na nimelifunga. Nilipiga teke boksi, ni hilo tu.

Oda imefika. Meneja ameshuka stoo mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, kaja na tabasamu. Ameisoma karatasi yako. Anataka kuichapa iende kwenye maduka yote, na jina lako, na picha yako na mtoto. Isipokuwa Kobe na kile kipande cha kiroli. Hivyo viwili anasema vinaleta huzuni. Mimi nirudi juu, kwenye kiti changu, Jumatatu, mradi nikulainishe.

Nimwambie nini? Sikuulizi kwa hila. Mgongo unauma na nina miaka arobaini na mbili.

Kaka


2 Januari

Kaka yangu wa pekee,

Shikamoo. Najua mgongo unauma. Mimi pia wangu una mtu juu yake. Ningeweza kukubebea yale maboksi ningekuja na basi la kesho, na Kidole angekuwa juu ya boksi la mwisho.

Lakini usinitume nikuchagulie. Ulinituma mwaka jana, ukaniandikia na jibu kabisa. Leo nakuambia la kwangu tu. Karatasi ile ina kichwa, kiwiliwili na miguu. Ukiikata miguu na kuiita yangu, nitasimama ukutani na kupiga kelele kwamba si yangu, kama nilivyosimama kulisema kosa langu, na hapo nimeshapazoea. Kuna mvuvi kwenye mji nisioujua, hajawahi kuniona, atasoma jina langu aende nalo baharini. Huyo simdanganyi. Kwa kiti chako simdanganyi, kwa kiti changu simdanganyi, na picha ya mwanangu haiuzi kiroli kibovu.

Mwambie meneja: yote, au asichape.

Ukimwambia hivyo wewe ni kaka yangu. Usipomwambia bado ni kaka yangu, na barua kama hii nitamwandikia yeye.

Mdogo wako


14 Januari

Nimemwambia. Akacheka, akasema nirudi kwenye maboksi yangu nikafikirie.

Nimefikiria. Leo asubuhi nimefika kabla ya duka kufunguliwa. Karatasi yako nzima, na Kobe wake na kiroli chake, nimeibandika kwenye kioo cha mlango mkubwa, kwa gundi ile ya matangazo ambayo haitoki kwa kucha wala kwa maji. Chini ya jina lako nimeandika langu kwa kalamu nene: rili thelathini na moja nimezifungua kwa mikono yangu, ishirini na sita zina kiroli kilichoganda, anayebisha aniulize mimi.

Nimesimama ng'ambo ya barabara. Wateja wanne wanasoma. Meneja yuko ndani anagonga kioo, anataka waingie, na wao wanamwonyesha kwa mkono asubiri, hawajamaliza.

Ukinijibu, usitumie anwani ya duka.

Kaka